Jaribio la Tano la Yuto Horigome, na Video Nyingine za Ubao Nilizozirudia Mwaka 2024

Katika video zote za sketibodi nilizotazama mwaka 2024 hapa Moshi, hakuna niliyoirudia mara nyingi kama rekodi kamili ya fainali ya wanaume ya mtindo wa mtaani, yaani wa kurukia ngazi na reli za kushikilia kama zile za mitaani, katika Michezo ya Olimpiki ya Paris, iliyochezwa Jumatatu ya tarehe 29 Julai katika uwanja wa muda uliojengwa Place de la Concorde. Nasema rekodi kamili kwa makusudi. Kipande kifupi kilichosambaa kwenye simu za watu siku zilizofuata kinamwonyesha Yuto Horigome wa Japani akiruka na kutua huku uwanja ukilipuka kwa kelele, na mtu aliyekiona hicho peke yake hajaona kilichoufanya mruko ule uwe mkubwa, yaani majaribio yaliyopotea kabla yake.

Mara ya kwanza niliitazama jioni hiyohiyo katika banda la video la mtaani kwetu Pasua, ambalo mwenyewe alikubali kutuwekea kwa sababu ligi ya mpira ilikuwa haijaanza na mabenchi yalikuwa matupu. Tulikuwa watu wachache, na wengi wao hawakuwahi kuona mashindano ya ubao. Horigome alipoanguka kwa mara nyingine tena, mzee mmoja aliyekaa benchi la mbele alinigeukia na kuniuliza, “Kijana, huyu kila saa yuko chini, mbona hawamtoi?” Nikamjibu, “Bado ana zamu moja, mzee wangu.” Akavuta kofia yake nyuma, akasema, “Haya, tumwone,” na tangu hapo hakuzungumza tena hadi mwisho. Swali lake nimelibeba mwaka mzima, kwa kuwa ndilo linalonisaidia kueleza kwa nini baadhi ya video za mchezo huu zinafaa kurudiwa na nyingine zinachosha baada ya kutazamwa mara moja.

Kanuni za fainali ile zinaruhusu kuanguka. Kila mchezaji hupewa mizunguko miwili ya sekunde 45, ambamo huunganisha miruko kadhaa bila kusimama, na mzunguko ulio bora ndio unaohesabiwa. Baada ya hapo hupewa majaribio matano ya mruko mmojammoja, na mawili yaliyo bora ndiyo yanayoingia kwenye hesabu. Kila alama hutolewa kwa 100, kwa hiyo jumla kamili ni 300. Horigome aliingia kwenye jaribio lake la mwisho akiwa na 89.90 za mzunguko na 94.16 za mruko mmoja, na nafasi ya pili ya mruko ikiwa tupu, jambo lililomweka chini sana kwenye orodha huku Wamarekani wawili, Jagger Eaton na Nyjah Huston, wakiwa juu. Jaribio la tano lilimpa 97.08. Jumla ikawa 281.14, dhidi ya 281.04 za Eaton na 279.38 za Huston. Mtu ambaye dakika moja kabla hakuwa hata karibu na medali alishinda dhahabu kwa tofauti ya sehemu moja ya kumi ya alama.

Mruko wenyewe huitwa nolii ya digrii 270 inayomalizikia kwenye bluntslaidi, na kwa msomaji ambaye hajawahi kusimama juu ya ubao nitaueleza polepole. Kwa kawaida mchezaji huruka kwa kugonga chini ncha ya nyuma ya ubao kwa mguu wa nyuma, kisha huuvuta ubao juu kwa kuuburuza mguu wa mbele kuelekea ncha ya mbele. Hiyo ndiyo oli, ambayo Alan Gelfand aliianza kwenye mabwawa ya saruji ya Florida mwishoni mwa miaka ya 1970, na ambayo Rodney Mullen aliihamishia kwenye sakafu tambarare mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nolii ni kinyume chake: anayegonga ni mguu wa mbele, kwenye ncha ya mbele, nao ni mguu ambao wengi wetu hatuna nguvu nao. Horigome aligonga kwa mguu huo akiwa katika kasi, akajizungusha robo tatu ya duara pamoja na ubao, na kwa sehemu ya mzunguko huo hakuwa anatazama anakokwenda. Akashuka juu ya reli, ubao ukiwa umesimama karibu wima, jozi moja ya magurudumu ikiwa juu ya chuma na ncha ikisugua ubavu wake, akateleza hivyo mpaka mwisho wa reli, kisha akatua na kuendelea kama mtu aliyeshuka kwenye daladala.

Ukiisimamisha video hapo anapogusa reli, utaona kwamba mabega yake yameshamaliza kazi. Yalianza kugeuka kabla ubao haujaacha ardhi, na kwa muda mfupi sana mwili wa juu na miguu vinatazama pande mbili tofauti, mithili ya nguo inayokamuliwa. Sasa rudi kwenye majaribio yaliyopotea. Hakuyapoteza kwa woga wala kwa kubadili nia, na hakujitafutia mruko mwepesi wa kujaza nafasi, ingawa hesabu ingemshawishi mtu yeyote kufanya hivyo. Kwa ajili hiyo, kuyakata majaribio hayo na kubakiza la tano peke yake ni sawa na kumhadithia mtu safari ya Kilimanjaro kwa kumwonyesha picha ya kibao cha Uhuru.

Jambo jingine linaloifanya rekodi ile iniguse ni mvua. Fainali hiyo ilipangwa kuchezwa Jumamosi ya tarehe 27, mvua ya Paris ikaiahirisha kwa siku mbili. Baadhi ya watu walishangaa kwamba Olimpiki inaweza kusimamishwa na mvua ya kawaida, lakini anayecheza Moshi wakati wa masika haoni ajabu yoyote. Magurudumu ya poliyurethani hayashiki sakafu iliyolowa, beringi zikiingia maji zinashika kutu, na ubao, ambao ni tabaka saba za mbao nyembamba za mti wa mepo zilizogandishwa kwa gundi, ukinyonya maji unalegea na kupoteza mruko wake. Kuanzia Machi hadi Mei sisi hucheza tu pale tunapopata kibaraza chenye paa, na vibaraza hivyo vina walinzi.

Nina mpwa wangu wa miaka 13 anayejifunza, na kipimo changu cha video nzuri ni kama inamsaidia yeye kwenye sakafu aliyonayo. Mji wetu unateremka. Ukitoka Shanty Town kuja Mnara wa Saa unaweza kufika bila kusukuma hata mara moja, na watoto wa hapa walijua kuutumia mteremko huo kabla hawajaona ubao wowote, kwa vigari vya mbao ambavyo magurudumu yake ni beringi kuukuu za magari. Kelele ya vigari vile juu ya lami huisikia nikiwa ndani ya nyumba. Beringi ya sketibodi ni ndogo zaidi, namba 608, yenye kipenyo cha nje cha milimita 22 na tundu la milimita 8, nayo hukaa ndani ya gurudumu badala ya kuwa gurudumu lenyewe. Mteremko basi si tatizo letu. Tatizo letu ni kokoto, vumbi, na saruji iliyopigwa kwa haraka ikabaki na mashimo madogo. Magurudumu madogo na magumu, yale ya milimita 52 au 54 yenye ugumu wa 99A ambayo hutumiwa kwa miruko, yakikutana na kokoto moja husimama papo hapo, na mwenye ubao huendelea na safari peke yake. Mpwa wangu sasa anatumia magurudumu makubwa na laini ya kiasi cha milimita 60 na ugumu wa 78A, ambayo yanapita juu ya uchafu mwingi ingawa hayarukiki kwa wepesi.

Ndiyo maana video zinazokatwa kuonyesha ushindi mtupu, zikapunguzwa kasi na kuwekewa muziki mzito, simshauri mtu kuzitumia kujifunzia. Ziko nyingi, na mwaka 2024 ziliongezeka. Zinamfanya mtoto aamini kwamba mchezaji bora hutua kila mara, hivyo yeye anapoanguka mara ya kumi anahitimisha kwamba mwili wake una kasoro. Kupunguza kasi nako kunapoteza kitu muhimu kuliko watengenezaji wanavyodhani, kwa kuwa mlio hupotea. Mchezaji hujifunza oli kwa sikio kama anavyojifunza kwa jicho: ncha inapogonga saruji hutoa mlio mkavu mmoja, na ukisikia mlio wa kukokota badala ya huo unajua mguu ulichelewa. Ninapomwekea mpwa wangu rekodi ya Paris, humwambia afumbe macho kwanza asikilize.

Baada ya Horigome, ninaloliweka karibu naye ni tukio la Arisa Trew wa Australia, na hapa najipinga mwenyewe kidogo, kwa sababu video yake ni fupi na ya mruko mmoja. Mwezi Mei 2024, akiwa na miaka 14, alikuwa msichana wa kwanza kutua mruko wa digrii 900, ambao ni mizunguko miwili na nusu angani juu ya rampu ya wima. Kwa wale wasiokumbuka, mruko huo ulitua kwa mara ya kwanza Juni 1999 huko San Francisco, pale Tony Hawk alipoanguka mara baada ya mara mpaka muda rasmi wa mashindano ukaisha, waandaaji wakamwacha aendelee, naye akaupata. Wavulana waliofuata waliupita: Tom Schaar alitua digrii 1080 mwaka 2012 akiwa na miaka 12 tu. Lakini kwa wasichana ukuta ulibaki palepale kwa miaka 25, na Trew mwenyewe alikuwa amefungua mlango wa digrii 720 mwaka 2023.

Ninachokithamini katika video yake ni kwamba furaha yake haikupangwa kwa ajili ya kamera. Nimewaonyesha mabinti wanne wa mtaani kwetu, ambao walikuwa wakiomba ubao kwa dakika tano kisha wanaurudisha kwa aibu wavulana wakianza kucheka. Walitaka kuiona tena na tena. Mmoja hakuuliza kuhusu mizunguko hata kidogo. Aliuliza kuhusu kofia ngumu na vikinga magoti, Trew alivinunua wapi na kama anavivaa siku zote. Nikamwambia ndiyo, siku zote, na kwamba kwenye rampu ya wima bila hivyo hakuna anayepaswa kupanda. Tangu hapo suala la kofia kwetu halibishaniwi tena, jambo ambalo maonyo yangu ya miezi yalikuwa yameshindwa kulifanikisha. Trew alikwenda Paris na tarehe 6 Agosti akashinda dhahabu ya mtindo wa bakuli, unaochezwa ndani ya shimo lenye kuta zilizopinda, kwa 93.18, akimpita Cocona Hiraki wa Japani aliyepata 92.63 na Sky Brown wa Uingereza aliyepata 92.31, na wazazi wake walikuwa wamemwahidi kwamba akishinda watamruhusu kufuga bata. Mabinti wale walifurahia habari ya bata kuliko ya medali.

Fainali ya bakuli ya wanaume, siku iliyofuata, sikuipenda sana kama video, ingawa uchezaji ulikuwa wa kiwango cha juu. Keegan Palmer wa Australia alitetea dhahabu yake kwa 93.11, na wa pili alikuwa yuleyule Schaar wa digrii 1080, sasa mtu mzima. Kamera ya juu inalifanya bakuli lionekane kama sahani, na mtazamaji hawezi kujua mchezaji amepaa mita ngapi mpaka kamera ya pembeni iingie, nayo haikai sana. Fainali ya wasichana ya mtaani ilipigwa picha vizuri zaidi, na mruko wa Coco Yoshizawa uliopata 96.49 unastahili kutafutwa.

Hata hivyo, katika mashindano hayo ya bakuli ya wanaume kuna rekodi za mchujo ambazo watu wengi walizipita, nami nazisihi zitazamwe. Andy Macdonald aliichezea Uingereza akiwa na miaka 51. Dallas Oberholzer aliichezea Afrika Kusini akiwa na miaka 49, ikiwa ni Olimpiki yake ya pili baada ya ile ya Tokyo aliyocheza akiwa na miaka 46. Hakuna kati yao aliyefika fainali, na hawakwenda kwa kutarajia hilo. Lakini tazama wanavyoingia kwenye bakuli: hawakimbilii mruko, wanatafuta mstari, wanaupanda ukuta kwa kubonyeza magoti na kuuacha mteremko uwape kasi, na kila kitu kinakwenda kwa utulivu wa mtu anayeijua njia ya nyumbani gizani. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, dakika moja ya uchezaji huo ina manufaa kuliko mizunguko yote ya washindi, kwa kuwa anaweza kuiiga kesho asubuhi. Oberholzer vilevile ndiye mwanzilishi wa Indigo Youth Movement, iliyowafikishia ubao watoto wa vijiji vya KwaZulu-Natal, na nilipomweleza mpwa wangu hilo alitaka kujua kama mzee huyo anaweza kufika Moshi. Siku ya mashindano ya wasichana, katika uwanja uleule, alicheza Zheng Haohao wa China aliyekuwa na miaka 11.

Wapo wanaoshikilia kwamba mashindano si mahali pa kuhukumia ubao, na kwamba kipimo cha kweli ni kile ambacho wachezaji hukiita kipande: dakika chache za video ya mchezaji mmoja, zilizokusanywa mitaani kwa miezi au hata miaka, bila majaji wala alama. Kwa kiasi kikubwa nakubaliana nao. Kipande kinachotajwa zaidi katika mazungumzo yetu bado ni cha mwaka 2022, na sababu ni mruko mmoja wa Tyshawn Jones katika kituo cha treni cha 145th Street, New York, ambapo alivuka njia ya reli kutoka jukwaa moja hadi jingine huku ubao ukijibiringita mzima mmoja chini ya miguu yake. Picha yake, iliyopigwa na Atiba Jefferson, ilikaa kwenye jalada la jarida la Thrasher. Ni kazi nzuri mno, na pia ni kazi ambayo sikuwaonyesha watoto mpaka nilipokaa nao na kuwaeleza kwamba kwenye njia zile kuna reli ya tatu yenye umeme unaoua, na kwamba stesheni yetu ya Moshi, ambayo treni za abiria zilirejea Desemba 2019 baada ya miaka mingi ya ukimya, si mahali pa kujaribia kitu cha namna hiyo.

Nikilinganisha, kipande kinampa mtazamaji mahali kuliko mashindano yanavyoweza. Unauona mji: ngazi zake, kingo zake, mlinzi anayekuja kwa hasira, mama anayesimama na mfuko wa sokoni mpaka mruko uishe ndipo apite. Uwanja wa Paris ungeweza kujengwa popote. Hiki ndicho kilichonifanya mwaka mzima nitafute vipande vya kwetu Afrika Mashariki, na vipo, vingi vikiwa vya simu, kutoka Kitintale jijini Kampala ambako vijana walijijengea uwanja wa saruji tangu 2006, na kutoka Shangilia jijini Nairobi ambako uwanja ulijengwa 2013. Picha zake zinatikisika, upepo unaingia kwenye kipaza sauti, na mara nyingi kidole cha mpigaji kinaonekana pembeni. Lakini saruji yake naijua. Kijana wa Kitintale anapokita mguu kabla ya ufa na kunyanyua uzito kidogo ili magurudumu ya mbele yapite, anafanya kile ambacho mpwa wangu anahitaji kukifanya kila siku, na ambacho Horigome, kwenye sakafu ya Paris iliyonyooshwa kama kioo, hakuwa na haja ya kukifanya.

Kwa mtu atakayetaka kutazama, ninashauri atumie bando lake kwenye rekodi ndefu ya fainali ya tarehe 29 Julai kabla ya kitu kingine chochote, aanzie kwenye majaribio ya mmojammoja kama hana muda, na asiyapite majaribio yaliyoishia kwa kuanguka. Kisha Trew. Kisha wazee wawili wa bakuli. Video za Kampala na Nairobi azitazame akiwa na ubao mkononi.

Mwezi Desemba mpwa wangu aliamua kurekodi oli yake. Aliiegemeza simu yangu kwenye tofali, akaiwasha, akaanza. Nilipomwambia tukate sehemu ya kuanguka ili video iwe nyepesi kutumwa kwa mama yake aliyeko Tanga, alikataa. Video ina dakika 17. Anaruka mara 41, anatua mara mbili, na mara ya pili ubao unagonga saruji kwa ule mlio mkavu, mmoja tu, hata mbwa wa jirani anasikika akinyamaza.